Kurasa Mbili na Picha

Ofisi imeniomba kurasa mbili na picha moja
kwa kijitabu cha miaka ishirini ya kampuni.
"Andika maisha ya mwanzilishi," wameniambia,
"yawe mafupi, yatie moyo."
Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, Khainza,
mimi niliyekushikia daftari
kabla hujawa na mlango wa kubishwa.

Nianzie Bududa,
msimu kahawa ya baba yako ilipouzwa ingali ua.
Mnunuzi aliihesabu miti kwa kidole, myeupe yote,
akataja bei, na baba akaitikia
kwa sababu ya karo yako.
Miezi minane baadaye matunda yalipoiva
yalikuwa ya mtu mwingine.
Hukulia. Ulimwuliza Mwalimu Wamono
tofauti ile ya bei inaitwaje,
naye akageukia ubao akaandika RIBA,
akakufundisha kuikokotoa, kwa mwezi, kwa mwaka,
kwa chaki iliyobaki ukubwa wa jino.

Kijitabu kitasema ulianza na mtaji mdogo.
Mtaji ulikuwa mtamba mmoja,
na mtamba hakuwa wako peke yako;
dada yako Nambozo humtaja kila Krismasi.

Benki za Mbale zilitaka hesabu zilizokaguliwa, miaka mitatu.
Wewe ulifika kwenye kinu cha posho alfajiri,
ukaweka kiganja juu ya injini.
Ikiwa bado vuguvugu, ulikopesha.
Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga.
Uliichukia methali hiyo.
"Kulipa kuwe Jumanne," ulituambia,
"siku isiyo na sherehe wala msiba."
Na kwa miaka mingi ikawa Jumanne:
kinu, zahanati, ghala la mpunga,
mjane wa Nkokonjeru na matrekta yake mawili.

Kisha Kampala, ghorofa ya saba,
wageni wenye mfuko kutoka ng'ambo.
Kazi yako ikapewa jina, mikopo binafsi,
na jina likachapwa kwenye kadi ngumu.
Ukakopesha shule. Ulizipenda shule.
Watoto hawaachi kukua, ulisema, karo haikauki.

Zikafungwa nchi nzima, karibu miaka miwili.
Kwenye kabati la chuma nilihesabu hati kumi na moja.
Mahali fulani darasa la pili lilifugiwa kuku;
kwingine nyasi zilifika kwenye kengele.
Nane uliziongezea muda,
ukibishana na wenye mfuko kwa simu
hadi walinzi wakabadilishana zamu.
Mbili ziliuzwa.
Na moja ilikuwa ya Wamono.

Alikuja na karatasi ya mistari,
amelikokotoa deni lake kwa mkono, hadi shilingi ya mwisho.
Hakuomba kitu. Alisema, "Kagua."
Ulikagua. Hapakuwa na kosa.
Nilitoka kutafuta chai, na niliporudi
hati ilikuwa mezani kati yenu
na hakuna aliyekuwa akiitazama.
Ndipo mzee akaomba kalamu yako,
akaweka alama ya vema pembeni mwa jumla,
kubwa, kama zamani, akaondoka
bila kugusa kikombe.

Leo pale ni bohari la mbao.
Mbao nzuri, bei nafuu; hata mimi nimenunua.

Kuhusu picha, nimewapa ile ya utepe na mkasi.
Karatasi ya mistari niliikuta kwenye droo yako
uliponiachia funguo na kurudi Bududa,
unakochuma sasa kahawa iliyoiva tu,
na hupokei simu kabla ya saa sita.
Sikuipiga picha. Sikuichana pia.

Kurasa mbili bado ni moja na nusu.
Nitamalizia keshokutwa, nikitoka dirishani kwa karani:
ni Jumanne, na nina rejesho la kiwanja changu.